Mistari Isiyo na Anwani

Kuna asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, ingawa siku hizi kumbukumbu zangu huja na kuondoka kama ukungu wa milima ya Mgeta. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Mzumbe, nasoma, na ndiyo kwanza nimeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nawe unajifunza sasa, ndiyo maana nakusimulia.

Mama yangu alikuwa mpiga chapa mjini Morogoro. Kabla hajafariki aliuandika ukoo wote wa kwao katika faili moja refu: jina la mtu, anapoishi, watoto wake, na barua pepe kwa wale walio nayo. Alipoondoka, shamba lake la Mgeta, lile la chini ya chemchemi, likabaki halina mwenyewe. Mnunuzi wa mboga kutoka Dar akataka kulikodi. Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa akina mama, na jambo kama hilo halikatwi na mtu mmoja. Mjomba Kibwana, kaka yake mama, akaniagiza niuite ukoo kikaoni.

Lile faili ningeweza kulisoma lote jioni moja tu. Lakini nani ahangaike kusoma, na mimi najua Python? Nikaandika programu fupi: fungua faili, pita mstari mmoja mmoja, ukikuta alama ya @ ukate mstari huo neno moja moja, chukua neno lenye alama, liondolee koma au nukta iliyonata mwishoni, weka kwenye orodha. Nikabonyeza. Anwani zikajipanga kwenye kioo cha kompyuta, safi, moja chini ya nyingine, nami nikazitazama kwa furaha ambayo hadi leo naisikia kifuani. Wenzangu wakanisifu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikatuma mwaliko palepale, nikaenda zangu kunywa chai.

Siku ya kikao, kule Mgeta, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba watu walitokeza mlangoni kama wanaotoka ndotoni. Wengine walitoka Dar, wengine Dodoma. Tulipokwisha kuketi, Mjomba akatupitia kwa macho, mmoja baada ya mwingine.

"Mwanaidi yuko wapi?"

Huyo ni mama mdogo, aliyeolewa Mkuyuni. Kwa bibi yangu walizaliwa watoto wa kike wawili tu, yeye na mama.

"Niliwaandikia wote, Mjomba, wote ambao kompyuta ilinipa."

"Hiyo mashine yako ilitafuta nini?"

"Ile alama ya barua pepe."

"Na asiye na alama?"

Nikainama. Hakunifokea, na heri angefoka. Alisema tu kwamba bila Mwanaidi pale hapakuwa na kikao, niende nikamwombe, na akikataa nirudi niwaeleze mwenyewe wale waliosafiri. Nikashuka na lori la kabichi hadi mjini, laptop mapajani, kisha nikapanda gari la Mkuyuni. Njia nzima niliogopa.

Nilimkuta uani anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilisikia sokoni mnaliamua shamba la dada. Nikasema sawa, asiyekuwepo na lake halipo."

Nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya faili. Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo dada aliwaandika wote, mimi hakuniandika?"

Nikafungua faili, nikatafuta jina lake. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipoyasoma maneno ya mama: *Mwanaidi, Mkuyuni. Hana barua pepe. Mfuateni nyumbani. Asipokuwepo, msianze.*

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Nililia, mwanangu, na ndevu zangu. Mama yangu alikuwa ameniachia maagizo, nami niliyaruka kwa sababu hayakuwa na kile nilichokuwa nakitafuta. Mama mdogo akajifuta mikono kwenye khanga yake, kisha macho.

"Ngoja nibadili nguo, twende."

Shamba halikukodishwa. Alikataa mbele ya kikao, na hakuna aliyembishia.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, nami sipendi akufikie wewe. Andika programu zako, Mungu kakupa akili, zitumie. Ila ukishaandika `if`, yaani "kama", andika na `else`, yaani "vinginevyo": mistari iliyoachwa nayo itoke kwenye kioo, uisome kwa macho yako kabla hujatuma chochote. Na faili likiwa limeandikwa na mtu aliyekupenda, lisome lote kwanza, hata kama litakula siku nzima. Mashine itakupa ulichoiomba. Haitakuambia ulichosahau kuomba.

Mwenyezi Mungu akubariki, aibariki na kazi ya mikono yako, akupe subira ya kumtafuta asiyeonekana orodhani, na nguvu za miguu za kumfuata hadi kwake. Amina.