Maziwa Lala ya Mavyaa

Mume wangu alifariki kwa homa ya siku nne, nikiwa na miaka ishirini na sita. Nikakaa eda nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Mjambere. Miezi minne na siku kumi sikutakiwa kutoka ila kwa dharura, wala kujipamba, wala kuonana na wanaume wasiokuwa maharimu wangu. Kabla ya msiba nilikuwa nikifundisha wasichana ushoni Changamwe.

Ua wa nyumba ile ulikuwa na ukuta wa mawe uliopita kichwa changu. Nilisikia wauza maji wakisukuma mikokoteni njiani na watoto wakienda chuoni kusoma Kurani, lakini sikuona hata kisigino cha mtu.

Mavyaa yangu alikuwa na presha. Mwezi wa pili wa eda alianguka chooni, akapelekwa hospitali, akarudi na masharti: vya kukaanga asile, chumvi apunguze, tui la nazi aliache kabisa. Naye alikuwa mtu wa kula kila kitu kwa tui, hata mchicha. Wifi yangu alikuja kutoka kwa mumewe Likoni, akampikia mboga za kuchemsha siku mbili, akarudi zake. Mama, ndivyo nilivyomwita mavyaa, aliisukuma sahani akasema yeye si mbuzi. Siku ya tatu hakula kitu.

Nikaingia jikoni. Kulikuwa na mwanamke wa Kigiriama aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Niliyachemsha, nikayapoza mpaka kidole kikastahimili, nikatia kijiko cha maziwa lala tuliyokuwa nayo, nikafunika. Kesho yake yalikuwa yameganda vizuri. Nikakatakata matango, nikayachanganya na maziwa yale, kitunguu thomu na ndimu, nikamwekea Mama kando ya samaki wa kuchoma. Alionja, akamaliza.

Tangu hapo nikawa napika hivyo. Mchuzi wa samaki niliutia maziwa lala badala ya tui. Mara ya kwanza yalikatika, mchuzi ukawa mabonge na maji, nikajifunza kuepua chungu kwanza ndipo niyatie. Alasiri nilimpa papai au kiazi kitamu cha kuchemsha, na maziwa lala juu yake, bila sukari. Presha ikashuka. Majirani walikuja kuonja, wakasema Mama amejaliwa mkwe mwenye mkono. Nilifurahi, na papo hapo nikaingiwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu.

Eda ilipokwisha, kaka yangu alikuja kunichukua. Mama alimkaribisha chai, akamwambia mbele yangu, "Mkimchukua huyu, mmenichukulia uhai wangu."

Kaka aliinamisha kichwa. Alimaliza chai yake akaenda peke yake. Hakuna aliyeniuliza, nami nikaondoa vikombe.

Nilikaa miaka miwili zaidi. Mlango haukufungwa, lakini nilifika dukani nikarudi mbio, kwa kuwa maziwa yalikuwa jikoni na Mama alikuwa akingoja. Kule Changamwe walipata mwalimu mwingine. Nikaanza kuchukia harufu ya maziwa yanayopata moto. Niliosha mikono kwa sabuni na ndimu, harufu isitoke. Nilimfundisha wifi yangu kugandisha. Ya kwake Mama alisema ni maji matupu. Nadhani hata yangeganda kama jiwe angesema vivyo hivyo.

Halafu nikasikia kwamba huko Chaani anatafutwa mwalimu wa ushoni. Alasiri ile nilimwekea Mama sahani yake ya papai, nikakaa mkekani mbele yake.

"Mama, nataka kurudi kazini. Nitahamia Chaani."

Aliweka kijiko chini. "Na mimi nitakula nini?"

"Utakula haya haya. Nitakuonyesha."

"Mimi ni mgonjwa."

"Ulikuwa mgonjwa, Mama. Sasa umezoea kupikiwa."

Sikuwahi kumwambia mtu mzima neno kali kama lile. Nilimwomba radhi hapo hapo, lakini neno lenyewe sikulirudisha. Siku mbili hakusema nami. Nikawa nafungasha nguo zangu haraka haraka, maana nilijua akiniita mara moja tu, nitazifungua.

Asubuhi ya tatu nilimkuta jikoni, amekaa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, kidole chake kimo ndani ya sufuria ya maziwa.

"Moto bado?" aliuliza bila kunitazama.

Nikatia changu kando ya chake. "Bado kidogo, Mama."

Tukangoja pamoja.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo, nami nilikwenda kumwona kila Ijumaa. Siku niliyohamia Chaani, nilifika nina njaa. Kando ya barabara alikuwepo mama mmoja aliyekaanga mihogo katika karai kubwa. Nilimwambia anitilie chumvi na pilipili nyingi. Nikala nimesimama, mafuta yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko, na yule mama akaniuliza mimi ni mgeni wa nani pale. Nikamwambia si mgeni wa mtu.