Boti ya Saulo

Asukile hakuwa na wazimu, ingawa nusu ya soko la Uyole ingekuapia kuwa anao. Alikuwa fundi redio. Wakati wa vita alibeba simu ya upepo huko Burma, na aliporudi, Mahendra mwenye duka pale Mbeya mjini alimpa pembe ya baraza lake atengenezee redio za watu. Mkono wake ulikuwa mtulivu, na redio iliyokwisha kuzikwa yeye aliifufua. Sasa mtu kama huyo, mzee wa kanisa, kila Jumapili baada ya ibada unamkuta bwawani kwenye maji ya kunyweshea ng'ombe, anachezesha kiboti cha mti! Watu waseme nini?

Waseme wasemavyo. Hawakujua habari ya Saulo.

Saulo alikuwa mwanawe wa pekee. Mwaka hamsini na tatu Mahendra alileta kutoka Iringa sanduku la vikorokoro vya Mzungu mmoja mlima tumbaku aliyekuwa akihama. Ndani mlikuwa na mota ndogo ya umeme na mtambo wa kuongoza boti kwa redio: unabonyeza kitufe ukiwa ukingoni, na kule majini usukani unageuka. Baba na mwana walishikwa na kichaa kimoja. Asukile alichonga boti kwa gogo la mninga kutoka Makongolosi, Saulo akafunga waya. Walipoitia majini ilikwenda polepole kama bibi harusi. Saulo akacheka mpaka akakaa chini. Yeye mwenyewe alikuwa na mbio, bwawa zima alilimaliza kwa hesabu ya arobaini.

Wiki ile ile alipanda lori kwenda kwenye migodi ya shaba, Rhodesia. Mkewe Lusia alikuwa na miezi mitatu tu ya ndoa. Mguu mmoja ukiwa garini, Saulo akasema, "Baba, siku boti hiyo itakaponishinda mbio, ndipo nitakaporudi!"

Mzaha, jamani. Mzaha wa kijana. Lakini zilikuja barua mbili, kisha kimya, mwaka wa kwanza, wa pili, wa nne. Mzee hakuwa na kitu kingine cha kushika ila neno lile, akalishika.

Nyumbani kwake walikuwa wawili tu, yeye na Lusia, kwa maana mkewe alishatangulia mbele ya haki. Na kwa Wanyakyusa wa namna yao, mkamwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, wala halitaji jina lake. Akimsikia anakuja, hujifunika khanga na kupita nyuma ya nyumba. Wengine waliosoma walikwisha kuacha, lakini Lusia alilelewa na bibi yake, na mambo ya bibi hayaachwi kirahisi. Basi watu wawili walikaa ua mmoja wakimlilia mtu yule yule, kila mmoja upande wake wa ukuta. Uchungu gani huo!

Asukile aliihangaikia ile boti. Aliongeza betri ya pili ya pikipiki, akidhani nguvu ikizidi na mwendo utazidi. Boti ikazamisha pua, ikawa nzito kuliko mwanzo. Akafunga pangaboi kubwa la kusukumia maji. Mota ikapata moto hata ikanuka. Hesabu ya tisini, na boti bado iko katikati.

"Mzee, tupa hiyo," Mahendra alimwambia. "Mimi nitakupa cherehani, itakimbia zaidi."

"Cheka tu, bwana. Anayecheka hajafiwa na usingizi."

Asubuhi moja akiwa ameipakata boti kibarazani, alimsikia Lusia nyuma ya ukuta akimsemesha mtetea wake, tena kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

"Wewe kuku, nani alikwambia mzigo unabebwa mbele? Mimi nikifunga mkungu wa ndizi tumboni si nitaanguka kifudifudi? Mzigo mgongoni! Na kikapu chenyewe kikiwa kizito, unaongeza nguvu ya nini? Punguza kikapu!"

Mzee alijua anayesemeshwa si kuku. Akaigeuza boti, akaitazama chini. Unene wa vidole viwili! Kwao ni ziwani, Nyasa, na baba yake alimfundisha kuchonga mtumbwi wenye tako nene, kwa sababu upepo wa kule hauna urafiki. Mtumbwi mwepesi huua, baba alikuwa akisema. Naye akachonga vivyo hivyo, chombo cha kupigana na mawimbi, kwa bwawa la ng'ombe! Alijicheka, halafu akatia tezo la kuchongea ndani kwa uchungu, kana kwamba anamkwangua marehemu baba yake. Akalikondesha tako mpaka likawa kama ganda la kibuyu. Akaondoa ile betri ya pili, iliyobaki akaisogeza nyuma. Pangaboi akalipunguza kwa tupa, kidogo kidogo, akijaribu kila Jumapili. Hamsini na tano. Arobaini na sita. Thelathini na nane!

Thelathini na nane. Lakini hakulala. Aliijua roho yake: labda nahesabu polepole kwa kutamani. Kesho yake naye akamgeukia mtetea.

"Kuku wee, hesabu ya mzee mwenye hamu haiaminiki. Laiti pangekuwa na mtu wa kukimbia nayo."

Mtetea akaendelea kudonoa tu.

Jumapili iliyofuata aliweka kisanduku chake cha kuongozea ukingoni, akasimamisha waya mrefu wa redio, akaiwasha boti. Iliinua pua. Ilikata maji kwa kelele nyembamba kama ya nyuki. Na hapo, ng'ambo ya pili, nyuma ya matete, akaona mtu aliyejifunika khanga gubigubi anakimbia. Anakimbia kweli, amekunja nguo mpaka magotini, matope yanaruka. Khanga ikamwanguka kichwani, hakuiokota. Boti ikamfikia, ikaenda naye sambamba, kisha ikampita, ikajibamiza kwenye majani ya mwisho.

"Imeweza!" Asukile akapiga kelele peke yake. "Saulo, imeweza!"

Lusia aliitoa boti majini. Akazunguka bwawa lote, kichwa wazi, akamjia usoni, akamtazama. Mzee hakuwahi kuuona uso ule. Miaka minne ilikuwa imeandikwa pale, naye alidhani imeandikwa kwake tu.

"Imenipita, baba," alisema, akihema. "Na mimi namshindaga Saulo, nilikuwa namwachia tu. Sasa mbona haji?"

Asukile aliipokea boti, maji yakimchuruzika mikononi. Ilikuwa nyepesi mno.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Afadhali ningeiacha nzito."