Ukipigiwa Honi, Ruka

Beeee! Honi ya lori lile ililia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, na hadi leo nikiikumbuka mwili wataka kuruka. Wanawake wa Werugha tulifunzwa hivyo: ukipigiwa honi, ruka. Barabara ya kushuka Mwatate ilikuwa ya magari. Wenye miguu tulikuwa wageni.

Haya, turuke twende wapi? Pale kwenye kona, huku ukuta wa udongo, huku bonde. Na mzigo wa kabichi uko mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Shingo haigeuki. Unaona visigino vya aliye mbele yako, basi.

Siku hiyo aliye mbele yangu alikuwa shangazi. Nilikuwa namwambia iko siku nitaendesha lori mwenyewe, nimpakie na kabichi zake hadi Voi.

"Ng'ombe mmoja anakushinda kukamua," akacheka, "utaliweza lori?"

Honi ikalia. Mimi nikajibanza ukutani. Yeye alikuwa bado anahangaika kuivua kamba lori lilipomgonga. Mguu ukavunjika.

Kwenye baraza la chifu, dereva alipewa kiti. Shangazi alilazwa chini, mguu umefungwa vijiti. Chifu akatugeukia sisi wanawake.

"Mama zangu, mnatembea kama mmelala. Honi hamkuisikia?"

"Niliisikia, mzee," shangazi akajibu. "Iliniambia gari linakuja. Haikuniambia niende wapi."

Watu wakacheka, chifu naye akacheka. Akasema tupunguze mizigo, akafunga baraza.

Walicheka nini? Mwendo haukutajwa. Breki hazikutajwa. Kona haikutajwa. Kabichi ndizo zilizohukumiwa! Na siku ya soko ilikuwa inakuja. Mama angepita palepale, kabichi za shangazi zikiwa juu ya zake.

Asubuhi iliyofuata nilichukua jembe nikaenda konani peke yangu. Nikauchimba ule ukuta wa udongo, mgumu kama tofali, mpaka pakawa na nafasi ya mwanamke mmoja na mzigo wake. Nikaingia kinyumenyume nikajipima. Nilitosha. Nikatoka, nikapanua tena kidogo, maana mama ni mpana kuliko mimi.