Kidude cha Begani

Kinyozi alikuwa amechoka hata kabla hajafungua duka. Siku hizi asubuhi yake ilianza na kibarua: kubandua begani kile kidude cha kupima sukari, kufuta ngozi kwa pamba yenye spiriti, kungoja ikauke, kubandika gundi mpya, kisha kukirudisha palepale, juu ya kipande kidogo ambacho daktari alikipachika chini ya ngozi. Na gundi yenyewe ilimwasha.

"Afadhali kulea mtoto mchanga," alimwambia mkewe. "Yeye hukua akajitegemea."

Mkewe, aliyekuwa mfagiaji wa ofisi, alicheka huku akivaa viatu. "Umekichaji?"

"Nitakichaji kazini."

"Nesi alisema ukichaji umeshakula, umetulia. Kikiwa kwenye chaji hakikupimi."

"Nimesikia, mama watoto. Nimesikia."

Alikuwa amesikia kweli, ila kusikia kila siku nako kunachosha. Zamani alimeza vidonge vyake, basi. Sasa alikuwa na sindano za insulini za kushusha sukari, na kidude cha kumtetemeshea bega katikati ya maongezi, na simu ya kumwonyesha mishale, sukari imepanda, sukari imeshuka.

Siku hiyo alijidunga sindano, akafunga mkate wake kwenye karatasi ili akaule dukani. Kufika tu, kidude kikatetemeka kuomba chaji. Akakibandua begani, akachomoa mashine moja ya kunyolea, akakichomeka. Taa haikuwaka. Alipokigeuza, aliona nywele za wateja zimejikusanya kwenye vishaba, vile vipande vya shaba vinavyopokea chaji. Akazitoa kwa kibrashi kikavu, akapuliza, akajaribu tena. Taa ikawaka.

Wateja nao wakaanza kumiminika. Mkate ukabaki kwenye droo. Kidude kikajaa chaji, kikatulia pale kwenye soketi, wala hakuna aliyekikumbuka.

Dereva mmoja wa lori, mteja wake wa siku nyingi, alikuwa kwenye kiti, shingo nyuma, mashavu meupe kwa povu. Kinyozi alikuwa amemaliza upande mmoja alipohisi shati limemganda mgongoni kwa jasho. Akalaumu joto. Kisha mkono wenye wembe ukaanza kutetemeka, na hapo akajua. Akauweka wembe mezani taratibu, mbali na shingo ya mwenzake, akakaa sakafuni juu ya nywele.

"Kinyozi! Vipi tena?"

"Sukari... imeshuka. Nipe kitu kitamu."

Dereva alitoka mbio na povu lake hadi duka la jirani, akarudi na soda, akamshikia chupa mdomoni. "Kunywa, kaka. Maneno baadaye." Alipoona macho yake yanatulia kidogo, akachukua simu ya kinyozi na kumpigia mkewe.

Mkewe alifika na aproni ya kazi, mikono ikinuka dawa ya sakafu. Kinyozi alijiandaa kusemwa. Hakusemwa. Mkewe alitoa mkate kwenye droo, akamwekea mkononi, akachomoa kidude, akamfuta bega na kukibandika.

"Nimechoka, mke wangu," alisema.

"Najua. Hata mimi nimechoka."

Kinyozi akatafuna mkate.

"Poleni," dereva alisema kutoka kwenye kiti. "Lakini mimi nitaendesha lori na ndevu nusu?"

Mkewe alicheka mpaka akajifuta macho. Mkono ulipotulia, kinyozi alimalizia kwa mashine. Wembe hakuugusa tena siku hiyo.

Tangu hapo kidude hakichajiwi dukani. Wakishakula jioni, mkewe hukishika yeye, akakisugua vishaba kwa kitambaa kikavu na kukichomeka, naye kinyozi hukaa bega wazi, akilalamikia gundi. Kuna jioni mkewe hupitiwa na usingizi palepale kwenye kochi. Kinyozi hamwamshi. Taa ya chaji ikibadilika rangi, hukibandika mwenyewe, kimyakimya, kisha humvua mkewe viatu.