Jumamosi Mbili za Kuitaka Sita

Ubishi ulianzia kwenye mechi ya ludo. Tulikuwa kwenye ukumbi wa mtaa wetu, tukicheza na watu wa mtaa wa ng'ambo ya barabara, na ili tushinde tulihitaji sita mbili mfululizo. Ukumbi mzima ukaita, "Sita! Sita!" Dadu ikaruka, ikatulia kwenye sita. Ikarushwa tena, sita nyingine.

Mwalimu wa kwaya yetu, mama anayeuza akala, viatu vya matairi, katika soko la Kariokor siku za kazi, hakuwa na shaka. "Ni sisi tumeifanya," aliniambia. "Watu wengi wakiwa na nia moja, hata kitu kisicho na akili kinatii."

Kazi yangu ni kupima sabuni katika kiwanda kimoja Industrial Area. Kutwa naokota vipande bila kuchagua, naviweka kwenye mizani, naandika.

"Mwalimu, mara mbili ni chache," nikamwambia. "Tujaribu mpaka tuchoke."

"Hata leo!" akajibu.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa. Zamu moja watu walifumba macho na kuitaka sita kwa pamoja. Zamu iliyofuata kila mtu aliwaza mambo yake: nguo alizoanika, maharagwe aliyoacha jikoni. Mzee mmoja, dereva mstaafu, alirusha dadu sakafuni. Mwalimu aliandika ubaoni kwa chaki. Kufikia saa saba, sita za zamu za nia zilikuwa zimeziacha za zamu nyingine mbali sana. Watu walikumbatiana. Sitaficha, moyoni mimi pia nilifurahi. Nani hataki kusikia kwamba akitamani jambo pamoja na wenzake, dunia inasogea kidogo?

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, nilimkuta mwalimu kwenye geti la kiwanda. Hakuwa ameenda sokoni.

"Dada, kuna kitu kinanisumbua," akasema. "Unakumbuka dadu ilivyokuwa ikiegemea ukuta?"

"Nakumbuka. Tulikubaliana ikiegemea irushwe tena, hata ikionyesha nini."

"Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye zamu za nia, ikiegemea na kuonyesha moja au mbili, nilisema irushwe tena. Ikionyesha sita, niliandika. Sikupanga. Mkono ulienda wenyewe."

"Hakuna aliyeona, Mwalimu."

"Mimi nimeona."

Nilimkumbatia palepale, mbele ya walinzi na vibarua waliokuwa wakila githeri kando ya lori. Hakuna aliyekuwa ameitaka ile sita kuliko yeye, na ni yeye aliyekuja kuiondoa.

Jumamosi ya pili yeye ndiye aliyeweka masharti. Mimi na yule mzee tulifungiwa stoo, nyuma ya ukumbi, tusijue watu wanaitaka sita au wanapumzika. Dadu ilirushwa ndani ya karai ili isipate pa kuegemea, na kila ilichoonyesha nilikiandika. Kule ukumbini mwalimu alirusha kifuniko cha soda kuamua zamu, akaiandika kwenye karatasi yake, kisha akatugongea mlango tuanze. Mwishoni tulizilinganisha karatasi zetu mbele ya watu wote.

Sita za zamu za nia na za zamu za kupumzika zilitoka karibu sawa. Zamu za kupumzika ndizo zilizozidi, kwa sita mbili tu.

Mtu wa nyuma akasema, "Turudie!"

"Tutarudia mkitaka," mwalimu akajibu, "lakini hii hatuifuti. Tumeitaka sita kwa roho zetu zote, na dadu imeenda zake. Wiki iliyopita hatukujua. Leo tunajua! Na nani ametufundisha?"

"Sisi wenyewe!" mzee wa dadu akapaza sauti.

Najua kuna wataalamu wenye mashine wanaobishana hadi leo kama nia ya watu inaweza kusogeza kitu, na Jumamosi zetu mbili haziwezi kuufunga ubishi wao. Lakini sijawahi kuona watu wakishangilia jibu wasilolitaka namna ile. Walipiga meza. Walipiga makofi. Mwalimu alibandika karatasi zote mbili mlangoni, ile yake na ile yangu, akainua mikono, na kwaya ikaanza kuimba kwa nguvu hata mafundi cherehani wa vibanda vya nje wakaacha kushona, wakasogea kuuliza tumeshinda nini.

"Njooni msome!" akawaita.