Wavu wa Robota la Tisa

Kwa karibu mwaka mzima nilijulikana kwenye ranchi yetu, kwenye barabara ya kutoka Kamina kwenda Kaniama, kama kijana anayechunga nyavu. Wengine walichunga ng'ombe. Ilikuwa aibu kidogo, hasa kwa baba yangu, mwalimu mjini, ambaye aliwaambia majirani kwamba niko "mu service technique", yaani idara ya ufundi.

Hizo nyavu zilikuja na mashine ya kufunga majani makavu. Mashine hukusanya majani, huyaviringisha kuwa robota la duara linalonifika kifuani, kisha hulizungushia wavu mweupe wa plastiki, mwepesi kama pazia. Kiangazi, nyasi za nje zikishaungua, tunakata wavu na kuwapa ng'ombe majani. Majani huliwa. Wavu hubaki, na usipookotwa mara moja unajificha ndani ya majani, na ng'ombe, ambaye hana desturi ya kuchambua chakula chake, anaumeza. Plastiki haiyeyuki tumboni. Inajiviringisha humo taratibu mpaka njia inaziba.

Sikufundishwa haya na mtu. Nilimaliza shule, pesa ya chuo kikuu cha Lubumbashi haikupatikana, nikajifunza ufugaji kwa simu, nikiwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya josho, mahali pekee réseau ya simu inapofika. Mtu anayejifunza peke yake hana wa kumwambia "imetosha", kwa hiyo haachi.

Ugonjwa wangu wa nyavu ulianza siku ya sikukuu. Desturi ya ranchi ni kwamba ng'ombe akichinjwa, mapaja yanapelekwa mjini na matumbo yanabaki kwa wafanyakazi. Wake zao huyaosha mtoni. Siku ile mke wa mchungaji wetu mkongwe alipasua tumbo moja, akaingiza mkono, akaanza kuvuta. Akavuta, akarudi nyuma hatua tatu, akavuta tena. Kitu kilichotoka kilikuwa kama mpira wa miguu uliofumwa na mlevi.

"Mupigie patron simu," alisema. "Mumuambie ng'ombe yake ilikuwa inavaa nguo ya ndani, tena ndani kabisa!"

Wanawake walicheka mpaka matumbo mengine yakataka kuchukuliwa na maji. Mimi sikucheka. Nilienda kuandika kanuni. Zilikuwa nne tu, lakini nilizinakili mara sita kwa sababu mistari ilikuwa inapinda. Kila wavu ukatwe upande mmoja, utolewe mzima, ukung'utwe, uviringishwe na kutundikwa. Nilipiga misumari kwenye ukuta wa banda, nikipima nafasi kwa kamba, nikaipa namba kwa rangi nyekundu. Robota la kwanza la siku, msumari wa kwanza. Jioni, misumari ikiwa sawa na marobota, nilipumua.

Patron, mwenye ranchi, alipokuja kutembelea, alitazama ukuta muda mrefu.

"Na kisha utazipeleka wapi?"

Nyavu za zamani nilikuwa nazijaza ndani ya kontena lenye kutu, na kontena lilikuwa linakaribia kujaa. Kuzichoma sikutaka, moshi wake ni mweusi na unakaa kooni siku mbili.

"Bon," patron alisema, kama mtu aliyemkuta mgonjwa ambaye hasumbui wengine. "Endelea kuchunga."

Sasa nieleze kuhusu mtamba. Yule mchungaji mkongwe, ambaye sisi vijana wote tunamwita Papa, alikuwa amefanya kazi hapo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Patron alimshukuru kwa kumpa mtamba mmoja mwekundu, wake mwenyewe. Papa hakumlaza zizini na ng'ombe wa ranchi. Alimfunga nyuma ya nyumba yake, kwa kamba ndefu, na asubuhi alimsalimia kabla ya mke wake. "Hii njo pension yangu," alikuwa anasema. "Ile ya État, ya serikali, nitaipatia mbinguni." Mtamba akizaa, watapata maziwa. Akifa, watakuwa wazee wawili na kamba.

Alhamisi moja nilikata wavu wa robota la tisa, karibu na uzio wa nyumba ya Papa. Ulitoka mzima, lakini ukajiviringisha vibaya, mkia ukatokea upande. Mtu wa kawaida angeutundika hivyo hivyo. Mimi niliukunjua, nikauanika juu ya uzio ili niuanze upya, kisha nikadhani nimesahau kisu kwenye robota la nane. Nilienda. Kisu hakikuwapo, kwa sababu kilikuwa mfukoni mwangu. Nilipokuwa huko, karibu na banda, niliona msumari wa nne umeinama, nikaunyoosha. Kisha nikaunyoosha tena upande wa pili.

Niliporudi, uzio ulikuwa mtupu.

Nilitafuta kidogo, nikasema ni upepo. Jioni msumari wa tisa ulikuwa hauna kitu na mimi sikumwambia mtu. Ningeweza kuandika hapa kwamba sikutaka kumtia Papa wasiwasi. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu ajue kuwa ukuta wangu una pengo.

Asubuhi Papa aliniita. "Mwana, kuya uone."

Mtamba alikuwa amelala. Kichwa kinayumba, mate yanachuruzika, tumbo upande wa kushoto limekaza kama ngoma. Hakuwa anacheua. Alijaribu kusimama, na miguu minne ikaenda pande nne.

"Amekula nini?" niliuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida.

"Majani tu. Kama siku zote."

Papa alimtuma mtu kwa pikipiki kumwita daktari wa ng'ombe kutoka Kaniama. Mimi nilisema naenda kuangalia jambo fulani, nikaanza kukimbia. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikiupata ule wavu nje, basi haumo ndani. Nilizunguka vichuguu. Nilikagua miiba. Goli la uwanja wa mpira nililikuta limevaa nyavu zangu mbili za mwaka jana, nikahuzunika, lakini hazikuwa zenyewe. Kisha nikaona, juu ya ukuta wa majani wa bafu la wafanyakazi, kipande cheupe kinapanda na kushuka.

Nilichungulia.

"Ni nani?" sauti ya dereva wa trekta iliuliza.

"Minyi," nilijibu. Ndivyo tunavyosema "mimi".

"Unatafuta nini mu bafu ya muntu?"

"Filet. Wavu."

Maji yakamwagika. "Iko hapa. Niko najisugua nayo. Ngoja kwanza nimalize mugongo."

Alimaliza mgongo. Kisha mkono ukatokea juu ya ukuta na kunipa wavu, wa moto, umejaa povu. Niliupima kwa mikono pale pale. Ulikuwa mfupi na wa zamani. Nikaurudisha.

"Weye uko na shida," sauti ilisema, bila ubaya.

Daktari alifika saa sita, vumbi mpaka kwenye kope. Alimpapasa mtamba ubavu wa kushoto, akaweka sikio, akagonga kwa kidole.

"Amekula nini?"

"Majani," Papa alisema.

Mke wake, ambaye tunamwita Mama, alikuwa amesimama mlangoni na mikono ndani ya kitenge. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Hapo nikaungama. Sikuungama vizuri. Nilianza na kanuni nne, nikapita kwenye mkia uliotokea upande, nikaeleza kisu, nikaeleza msumari wa nne na jinsi ulivyoinama, upande gani, kiasi gani. Machozi yalikuwa yanatoka na mimi bado niko kwenye msumari.

"Weye petit," daktari alisema, "minyi nimeuliza ng'ombe imekula nini. Haiko historia ya musumari."

"Wavu, Dokta. Nafikiri amekula wavu. Mzima."

Papa alikaa chini, juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Jana ulijua?"

"Nilijua, Papa."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Juu ya nini?"

"Niliogopa utaniona muntu wa bila mpango."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na sasa nakuona namna gani?"

Daktari alikuwa ameshafungua mfuko wake. Alieleza kwa ufupi: kama ni plastiki, hakuna dawa ya kunywa. Ni kupasua ubavu, kutoa kwa mkono, kushona. Wengine hupona. Wengine, kwa vumbi hili na nzi hawa, hapana. Lakini kungoja ni kufa kwa hakika. Papa alifunika uso, kisha akasema, "Pasua."

Tulimfunga mtamba miguu. Daktari alimnyoa ubavu kwa wembe, taratibu, na ngozi ikatokea chini ya manyoya, ya kijivu, laini, kitu ambacho sikupaswa kukiona. Mama alileta beseni la maji ya moto. Akaliweka chini. Hakuondoka.

Daktari alichukua kisu chake.

"Dokta, ngoja," Mama alisema.

"Mama, acha nifanye kazi."

"Ile filet haiko mu tumbo."

"Unajua namna gani?"

"Juu iko mu nyumba."

Aliingia ndani. Harufu ilitoka kabla yake. Kisha akatokea mwenyewe, ameshika wavu wangu kwa vidole viwili, umekunjwa mara nane, umelowa, wa kahawia.

Papa alinusa. "Hiyo ni nini?"

"Munkoyo," Mama alisema.

Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kitamu, hata wachungaji wa kanisa wanakunywa. Daktari alisogeza pua, akafumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Mama, munkoyo nilianza kunywa mbele ya kuota meno. Hii haiko munkoyo."

Mama alitazama mbali, kwenye barabara ya Kamina.

"Bon," alisema. "Ni ya lutuku."

Ni lazima mjue kwamba Papa ni mzee wa kanisa, na kwamba mahubiri yake makubwa, ambayo tumeyasikia sote zaidi ya mara moja, ni juu ya lutuku, pombe kali ya mahindi, jinsi inavyobomoa nyumba. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Mu nyumba yangu?"

"Nyuma ya nyumba," Mama alisema. "Weye ukienda kuhubiri, minyi napika. Unafikiri iniforme ya bajukulu inatoka mu mahubiri?"

Kisha akaeleza, akimtazama daktari peke yake. Alihitaji kitu cha kuchujia. Alikuta wavu umeanikwa kwenye uzio, msafi, umekung'utwa vizuri, akasema Mungu ametoa. Alichuja. Machicha, yale mabaki mazito yaliyochacha, aliyaacha ndani ya beseni kubwa nyuma ya nyumba, na kamba ya mtamba ni ndefu.

"Asubuhi niliona beseni. Ilikuwa inang'aa," alisema. "Kama imeoshwa na sabuni."

Daktari aliweka kisu chini. Alianza kucheka kimya, mabega tu, kisha akalazimika kushika uzio. "Muifungue," alisema. "Hii ng'ombe haina filet. Imelewa! Imelewa, na tumbo imechacha."

Ni lazima niseme nilichohisi kwanza, ingawa ningependa kukificha. Sikuhisi furaha kwa ajili ya mtamba. Nilifurahi kwamba wavu umepatikana. Niliuchukua mkononi mwa Mama, na nikaona kwamba mikunjo yake nane ilikuwa sawasawa, pembe juu ya pembe, vizuri kuliko nilivyowahi kukunja mimi, na nikaona wivu. Haya yote ng'ombe wa watu akiwa bado amelala na ubavu mmoja umenyolewa.

"Tena haina kuchuja muzuri," Mama aliniambia. "Matundu yake iko mikubwa."

Nikamwomba msamaha.

Daktari alichanganya bikaboneti na mafuta ya mawese ndani ya chupa, akamnywesha, akaamuru tumtembeze. Hakuwa amepona bado, alituonya. Tumbo lililochacha linaweza kuua kama plastiki, na tutajua tu akianza kucheua. Basi tulimtembeza. Papa alivuta mbele, mimi nilisukuma nyuma, tukizunguka nyumba, na mtamba kati yetu akitembea kama mjomba anayerudi kutoka harusini. Mzunguko wa pili alitoa mbweu ndefu iliyomfanya daktari avue kofia. Mzunguko wa tano alitoa kitu kingine, upande wangu. Sitakieleza. Daktari alisema ni dalili nzuri sana.

Alasiri daktari aliondoka. Tulikaa watatu mbele ya mtamba, tukitazama mdomo wake. Papa na Mama walikuwa hawasemezani, kwa hiyo walinitumia mimi.

"Mwana, umuambie mama yako niko na kiu."

"Mama, Papa ana kiu."

"Umuambie aombe mu kanisa, kule banamusikilizaka."

"Papa, Mama anasema…"

"Nimesikia. Umuambie hii mambo haiishe leo."

"Umuambie hata minyi sijamaliza."

Jua lilishuka kwenye uzio. Mdomo haukusogea. Nilianza kuhesabu pumzi za mtamba, nikakosea, nikaanza upya, na nilipofika thelathini na kitu Papa aliinua mkono, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

Kitu kilipanda kooni mwa mtamba, kama tonge linalorudi nyuma. Taya likaenda kushoto. Likakaa. Kisha likaenda kulia.

Mama alisimama, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji, akakiweka chini kati yake na mume wake. Papa alikinywa chote.

"Inatafuna," alisema, na safari hii hakupitia kwangu.