Siku Niliyokaza Cheni Robo Moja Zaidi

Naona haya kuisimulia hii, na ninaisimulia mwenyewe kwa sababu ukiingoja uisikie pale steji ya boda Elburgon utaambiwa kwamba nililia, na sikulia, lilikuwa jasho la helmeti limeniingia machoni.

Kwanza mnijue. Nina diploma ya ufundi wa magari, si cheti, diploma, na nimekaa Doha miaka sita nikitengeneza pikipiki za watu wasiojua hata bei ya maziwa, nikarudi na pesa zangu, nikafungua gereji yenye sakafu ya simiti, taa nne na ubao wa bei ukutani (mjini hakuna mwingine mwenye ubao wa bei, hadi leo). Hakuna aliyenishika mkono. Shida ni kwamba kwa miezi mitatu wateja wangu walikuwa wa kujaza upepo tu, na ajenti wa kule alikuwa ameanza kunitumia meseji, "Ndugu, nafasi yako bado ipo," na mimi nilikuwa nimewaapia watu wote, mama yangu akiwa wa kwanza, kwamba Doha sirudi.

Ndipo chama cha waendesha boda kikatangaza kinatafuta fundi mmoja wa kuhudumia pikipiki zake arobaini na mbili, kwa mkataba. Tukabaki wawili. Mimi, na Barasa, mzee anayefanya kazi ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji yangu, chini ya mabati mawili yaliyoegemezwa ukutani, mwenye nyundo, spana sita na kigoda. Niliposikia ni yeye nilicheka hadi nikamwaga chai.

Nikaamua kwamba siku ya kujieleza nitafika na pikipiki yangu ya michezo, ile ya sisi mia sita, silinda nne, na kabla ya hapo nitaibadilishia cheni na sproketi, zile gia za meno zinazobeba cheni, ili chama kione kazi safi ikoje. Na kweli ilihitaji, maana meno ya sproketi yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno. Vipuri vilitoka Nairobi nikavifuata Nakuru: cheni elfu kumi na moja, sproketi ya nyuma elfu tano na mia tano, ya mbele elfu mbili na mia tano, jumla elfu kumi na tisa, na leba, yaani ada ya fundi, kwa ubao wangu ni elfu tatu (ambazo nilijitoza mwenyewe, nikajisamehe). Barasa akikubadilishia cheni ya boda na sproketi zake mbili, leba ni mia tatu na kikombe cha chai.

Nilianza saa nane mchana, siku moja kabla. Nikatoa gurudumu, nikafunga sproketi mpya, nikalinganisha gurudumu kwa rula ya chuma, nikaunganisha cheni kwa kiungo cha kubana na klipu kwa sababu kile kifaa cha kukandamizia viungo nilikiacha Doha, kisha nikaiacha cheni icheze upana wa vidole viwili, vile kitabu cha pikipiki kinavyotaka. Kazi ikawa imeisha. Ningefunga mlango niende nyumbani, hii hadithi isingekuwepo.

Lakini sikutulia. Nikaosha mikono, nikatoka nje, nikarudi, nikaitazama ile cheni kutoka mlangoni, nikaona inaning'inia kidogo kama ya boda yoyote, nikajiuliza Mama Shiro, mwenyekiti wa chama, akiiona hivyo atasema nini. Nikashika spana nikakaza robo ya mzunguko, upande huu na upande ule. Nikaenda kunywa chai kibandani, nikaiacha chai kabla haijapoa, nikarudi nikakaza robo nyingine. Barasa alikuwa anafunga vifaa vyake, akaniita kutoka ng'ambo.

"Injinia, umekalisha mtu?"

"Mtu wa nini?"

"Wa kukalia. Ukikaza cheni unaita mtu anakaa kwanza. Akikaa, inajikaza yenyewe. Sasa wewe unaikaza ikiwa tupu."

"Mzee, hii si ya kubeba kabichi."

"Sawa," akasema, akijitwika kigoda chake. "Lakini uzito ni uzito, hata wa diploma."

Mnajua nilichofanya baada ya hapo? Nilikaza robo, ya hasira. Usiku nikageuka kitandani kama chapati, asubuhi mapema nikafungua gereji kuangalia tu, nikaongeza robo ya mwisho. Nikaigusa cheni kwa ukucha ikalia kama waya wa gitaa, na mimi, mwenye diploma, nikafurahi.

Saa nne nikafika steji nimevaa suti ya ngozi, nyekundu na nyeupe, jina la gereji mgongoni kwa herufi za dhahabu. "Niaje Qatar," wakanisalimu (Doha kwao ni Qatar, na wako sawa). Niliongea dakika ishirini. Nilieleza ugumu wa vyuma na aina za grisi, nikasoma ubao wa bei niliokuwa nimeunakili kwenye karatasi, nikawaonyesha cheni yangu iliyonyooka kama mstari. Barasa alipopewa nafasi alisimama, akasema, "Mimi mnanijua," akakaa.

Sasa huyu Mama Shiro ana boda saba zake mwenyewe na aliwahi kuendesha moja miaka minne, na ni mama wa kilo mia na kitu, mwenyewe husema bila kuulizwa. Akachukua faili lenye mkataba, akaliweka kwapani.

"Injinia, maneno nimesikia. Lakini mimi pikipiki siisomi, mimi naikalia. Nipeleke mpaka pale kwa mashine ya mbao unirudishe."

Akapanda. Pikipiki ikashuka. Nilisikia chini yangu kitu kikilalamika, sauti nyembamba, ii-ii-ii, nikaongeza moto kidogo ili isisikike. Tulienda vizuri hadi mbele ya mashine ya mbao, mahali penye bampu, na akina mama wauza viazi wamejipanga kando yake kwa sababu hapo magari hupunguza mwendo. Gurudumu la mbele likapita. La nyuma lilipogonga bampu, pikipiki ikabonyea na mzigo wote wa sisi wawili, na ukatoka mlio ambao uliwafanya wapasua mbao wazime mashine. Kisha injini ikanguruma kwa furaha na pikipiki ikasimama. Nikakanyaga gia, nikavuta moto. Kelele nyingi, safari hakuna.

Mama Shiro akateremka, akatazama nyuma. "Kuna kitu yako imebaki."

Cheni ya elfu kumi na moja ilikuwa imelala ndani ya debe la viazi. Mathe mwenye viazi akaiinua kwa vidole viwili.

"Boss, hii ni yako?"

"Ni yangu, mathe. Pole sana."

"Basi na hivi viazi ni vyako. Nani atanunua vimepakwa grisi?"

Nikanunua debe zima, akanitilia kwenye gunia. Nilitaka kuisukuma pikipiki kwa miguu, lakini jaribu wewe kusukuma mia sita mlimani ukiwa umevaa ngozi. Hatua ishirini, nikawa nimemwagika jasho. Boda mmoja wa chama akaja, akampakia Mama Shiro nyuma, akaniambia nikae kwenye pikipiki yangu nishike usukani, akaweka mguu wake kwenye kikanyagio changu, akaanza kunisukuma vile wanavyosukumana wakiishiwa petroli. Hivyo ndivyo nilivyorudi mjini, gunia la viazi juu ya tangi, cheni shingoni kwa kukosa pa kuiweka, na mguu wa mtu nyuma yangu.

"Qatar, shika breki kidogo," akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "unataka kuniacha."

Tukakaribia steji. Mama Shiro akauliza kwa upole kabisa, "Injinia, ile leba ya elfu tatu, kurudishwa imo ndani?"

Pale steji hakuna aliyebaki ameketi, isipokuwa Barasa. Aliinuka polepole, akaja, akapapasa cheni shingoni mwangu pete kwa pete hadi mwisho. "Cheni ni nzima," akasema. "Kiungo ndicho kimetoka. Nani alikalia ukikaza?"

"Hakuna," nikajibu, na hiyo ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizosema siku hiyo.

Mama Shiro akafungua faili, akatafuta mahali pa kuandikia, akaona kiti cha pikipiki yangu kiko sawa. Barasa akatia sahihi hapo hapo, juu ya kiti changu, mimi nimeshika usukani isianguke. Nikaanza kufikiria ile meseji ya ajenti, na uso wa mama yangu.

Barasa akarudisha kalamu, halafu akasema, "Mwenyekiti, huku mvua ni kila alasiri, na mabati yangu ni mawili. Huyu ana simiti na taa. Na anajua kuandika rekodi. Nikifanyia kazi kwake, tugawane malipo, kuna ubaya?"

Mama Shiro akafunga faili. "Aandike tu," akasema. "Spana akae nazo mbali kwanza."

Kwa hiyo Doha sikurudi. Kiungo kipya kilikuwa mia tisa, kifuniko cha sproketi ya mbele kilichopasuliwa na cheni kilikuwa elfu nne, na leba ya Barasa mia tatu na chai, ambayo alidai nimchemshie mwenyewe. Ubao wa bei bado uko ukutani, ila leba ya cheni ya boda sasa ni mia tatu, nami nimeapa kwamba cheni sitaikaza tena ikiwa tupu, wala sitarudi kuigusa nikishaifunga, hata mikono ikiniwasha vipi. Na huwasha. Barasa hujua, kwa maana nikianza kuzunguka zunguka gereji hainui hata kichwa.

"Injinia," huniambia, spana mkononi, "wewe una kilo themanini na nane. Kuja ukalie."

Nami huenda, nikakaa, nikatulia, mpaka amalize.